Pesa Nilizoficha Katika Daftari la Mayai

Mnamo Januari 2023 shule yetu ya Montessori, iliyo nje kidogo ya mji wa Mtwapa katika kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifungua Gredi ya 7 kwa mara ya kwanza. Tulikuwa na wanafunzi tisa, mwalimu mmoja wa kudumu na mwingine wa siku tatu kwa juma, nusu ekari ya shamba la kukodi, na matumaini yaliyozidi akiba yetu ya benki mara nyingi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa darasa hilo, nikitoka kufundisha watoto wa miaka sita hadi tisa ambao nilikuwa nimekaa nao kwa miaka kumi na mmoja. Wale tisa wamekwisha kufanya mtihani wa Gredi ya 9 na kwenda zao. Tangu waondoke nimepigiwa simu na walimu wa shule tatu zinazotaka kufanya tulilolifanya, na kila mmoja ameanza kwa kuniuliza vifaa vinagharimu kiasi gani. Nimeona heri niandike yote mara moja, pamoja na lile ambalo kwenye simu huwa nalipita haraka kwa kuwa linanitia aibu.

Tulianza kwa pupa. Mtaala wa umilisi, maarufu kama CBC, ulikuwa umefikia watoto wa Gredi ya 6, ambao mwishoni mwa 2022 walikuwa wa kwanza kufanya ile tathmini ya kitaifa ya KPSEA, na kwa muda mrefu wazazi walikuwa wameambiwa kwamba baada ya hapo watoto watahamia kwenye shule za upili. Tarehe 1 Desemba 2022 Rais akatangaza kwamba sekondari msingi, yaani Gredi za 7, 8 na 9, zitakaa katika shule za msingi. Wiki hiyohiyo wazazi wa watoto wetu wakaanza kumiminika ofisini, kila mmoja akitaka kujua kama mwanawe atabaki. Mkurugenzi wetu akawaambia watabaki. Tulikuwa na wiki chache tu, na ndani yake kuna Krismasi.

Anayeijua Montessori kupitia chekechea peke yake, na wengi wetu ndivyo tulivyoijua, hudhani kwamba darasa la vijana ni yale yale ya watoto yaliyoongezwa ukubwa. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto jijini Roma mwaka wa 1907, aligawa ukuaji wa mtu katika awamu nne za miaka sita sita, na kijana wa miaka 12 hadi 18 yumo katika ya tatu. Kwa nusu ya kwanza ya awamu hiyo hakupendekeza darasa, alipendekeza shamba. Alitaka vijana waishi mashambani mbali kidogo na wazazi wao, walime, wauze mazao, waendeshe duka na nyumba ya wageni, na masomo yao yachipuke kutokana na kazi hizo. Akawaita Erdkinder, neno la Kijerumani lenye maana ya watoto wa ardhi. Aliona kwamba katika umri huu mwili hubadilika kwa kasi inayokaribia ile ya utotoni, akili huchoka upesi, kijana hujishuku, na linalomwinua ni kuona kwamba kazi yake ina thamani ya kweli mbele ya watu wazima. Niliyasoma haya, nikayapigia mstari kwa kalamu nyekundu, kisha nikaenda kununua vifaa.

Nilitumia shilingi 180,000, pamoja na ushuru wa bandarini, kuagiza kutoka ng'ambo vipande vya mbao vya kufundishia aljebra, seti ya jiometria na chati za historia. Wanafunzi walivichezea juma mbili. Kisha msichana mmoja akaniambia kwa adabu nyingi, “Mwalimu, hivi tulivimaliza tukiwa Gredi ya 4.” Alisema kweli. Kwa watoto wadogo Montessori ameacha kabati zima la vifaa vilivyopimwa hadi milimita. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 15 kabati hilo halipo, na anayekuuzia amelitunga mwenyewe. Pesa zile zingetosha kununua tangi la maji na kutengeneza choo cha shambani, mambo mawili ambayo kuyapuuza kulitugharimu sana.

Nianze na maji. Shamba letu liko mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka shuleni, nalo lilikuja na kisima, jambo lililonifurahisha kiasi cha kusaini mkataba siku ileile. Mzee aliyekuwa akilitunza shamba hilo alinitazama nikionja maji, akasema, “Mwanangu, maji haya hata ng'ombe huyanywa huku akifikiri.” Nilicheka, nikampa mkono, nikaondoka. Wakati wa masika hatukuona tatizo lolote kwa sababu mvua ndiyo iliyokuwa ikinyunyiza. Mvua zilipokatika tukaanza kuteka kisimani, na kufikia Agosti miche yetu 400 ya sukuma wiki ilikuwa imekauka kingo za majani kana kwamba mtu ameipitisha motoni.

Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza darasa lile linavyoweza kuwa. Walichukua lita moja ya maji ya kisima, wakaichemsha jikoni kwenye sufuria mpaka ikakauka kabisa, wakakwangua ukoko mweupe uliobaki na kuupima kwa mizani ya keki ya mpishi. Ilikuwa gramu mbili na ushei. Wakafanya vivyo hivyo kwa maji ya mfereji wa shule, wakabaki na vumbi ambalo mizani haikulitambua. Wakaanza kuuliza maswali ambayo nilikuwa nimepanga kuwafundisha muhula uliofuata: chumvi imetoka wapi ilhali bahari iko mbali, kwa nini mchicha wa jirani umestawi kwa maji hayohayo, na je, tukivuna maji ya paa la darasa yatatosha vitanda vingapi. Walipiga hesabu ya paa, wakaandika barua kwa mkurugenzi, tukanunua tangi la lita 5,000 mwaka uliofuata, na sukuma wiki ikaachwa kwa wenye maji yasiyo na chumvi. Tangu hapo tunapanda mchicha na spinachi. Kwa anayetafuta shamba pwani, ushauri wangu ni kwamba usitie saini kabla hujapanda miche kumi ya mboga unayoitaka na kuinyunyizia maji ya kisima hicho kwa mwezi mzima, na mzee wa shamba akisema neno, usicheke.

Choo ni habari fupi. Muhula wa pili wasichana watatu kati ya watano walianza kuugua tumbo kila Jumanne na Alhamisi, siku zetu za shamba. Niliwaita wavivu, kwanza moyoni na baadaye kwa mdomo. Ni mpishi wetu, mama wa watu wazima, aliyeniuliza kama nimewahi kuingia kile choo cha shambani nikiwa katika siku zangu. Mlango wake ulikuwa wa bati lililoning'inia bila komeo, na maji hapakuwa. Komeo liligharimu shilingi 150. Tukaweka pia ndoo yenye bomba, sabuni na boksi la sodo ambalo halina mlinzi wala daftari la kuandika jina, na maumivu ya tumbo yakaisha juma hilohilo. Niliwaomba radhi, lakini mmoja wao hakunisamehe kwa wepesi, na sikumlaumu.

Kuhusu walimu, tulijaribu njia mbili na zote zikatushinda kwa namna tofauti. Kwanza tulimpandisha darasa mwalimu wetu bora wa watoto wadogo, ambaye ana cheti cha Montessori na subira ya ajabu, lakini alipofika kwenye milinganyo alianza kutetemeka, na vijana wana pua ya kunusa woga. Kisha tukaajiri kijana mwenye shahada ya ualimu wa hisabati na sayansi, hodari wa somo lake, ambaye alisimama mbele ya ubao na kuhutubia kwa dakika 40 kama alivyohutubiwa yeye. Mwishowe tulimbakiza huyu wa pili, na ninadhani tulichagua vyema. Mtu anayelipenda somo lake na yuko tayari kuvaa gambuti anaweza kufundishwa kunyamaza; ilimchukua mwaka mmoja na vikao vingi vya jioni nami kwenye veranda. Mwaka huo ulitugharimu mishahara miwili kwa watoto tisa, na karo yao haikutosha hata mmoja na nusu. Mkurugenzi alifidia kwa karo ya chekechea. Shule ambayo chekechea yake haijajaa isijaribu kabisa jambo hili.

Mwaka wa kwanza ulikuwa na upungufu mwingine ambao sikuutarajia, nao ni umri. Darasa la Montessori husimama juu ya watoto wa miaka mitatu mitatu waliochanganyika, wakubwa wakiwafunza wadogo. Sisi tulikuwa na rika moja tu, tisa waliojuana tangu wakiwa na miaka mitatu, waliokwisha kuchokana kama ndugu wa chumba kimoja. Hapakuwa na mkubwa wa kuigwa wala mdogo wa kuonewa huruma. Ugomvi wa Februari uliendelea hadi Mei. Gredi ya 7 ya pili ilipoingia mwaka wa 2024 hali ilibadilika karibu peke yake, ingawa majuma ya mwanzo wakubwa waliwaita wageni “watoto wa nasari” na kuwapa zamu zote za kuosha vyombo.

Ratiba nayo ilitutoa jasho. Kazi ya Montessori huhitaji saa tatu zisizokatizwa. Mtaala ulitupa vipindi vya dakika 40 na masomo ambayo mwanzoni yalifika 14 ukihesabu yale ya hiari. Mwaka wa 2023 kikosi kazi kilichoongozwa na Profesa Raphael Munavu kilipendekeza yapunguzwe hadi 9, na tuliposhuka hadi hapo mwaka uliofuata ndipo tulipopumua. Tuliweka Kilimo, Sayansi Jumuishi na somo lile la ufundi katika asubuhi mbili za shamba, na tukaandika kwenye daftari la kazi, kwa kila kipengele cha mtaala, ni siku gani na kwa kazi gani kilifundishwa. Daftari hilo liliniibia usingizi, lakini maafisa wa kudhibiti ubora walipokuja ndilo walilolisoma kwa saa nzima, na wakaondoka bila ugomvi. Anzeni kuliandika siku ya kwanza. Kulijaza nyuma, kama nilivyofanya mimi muhula wa kwanza, ni sawa na kufuma mkeka gizani.

Niongeze jambo moja la lugha, kwa kuwa huwa naliona likipuuzwa. Kila Ijumaa tulikuwa na mjadala wa kuketi duara, swali moja, hakuna mkono kunyooshwa, mwalimu akinyamaza. Kwa muhula mzima mijadala hiyo ilikuwa mikavu kama makuti. Shule yetu hufundisha kwa Kiingereza, na vijana walikuwa wakitafuta sentensi sahihi badala ya fikra. Siku moja, kwa hasira, mvulana mmoja akaingia Kiswahili katikati ya hoja kuhusu nani amiliki ufuo wa bahari, na ghafla kila mtu alikuwa na la kusema. Tukaafikiana kwamba Ijumaa ni ya Kiswahili, na muhtasari uandikwe kwa Kiingereza Jumatatu. Hata Kiingereza chenyewe kilinufaika.

Wazazi walikuja na swali lao mapema. Katika mkutano wa Machi 2023, baba mmoja alisimama na kusema, “Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mwanangu kulima na kulisha kuku angefunzwa na nyanya yake kule Kaloleni bila karo.” Ukumbi ulicheka, nami nikajibu kwa hotuba ya dakika ishirini kuhusu awamu nne za ukuaji. Sijui kama kuna mtu aliyesikia baada ya dakika ya tatu. Muhula uliofuata wanafunzi wawili walihamishwa, tukabaki saba hadi mwezi wa Septemba tulipopata wengine wawili. Yule baba hakumwondoa mwanawe, na nitamrudia.

Sasa kuku. Januari 2024 shule iliwakopesha wanafunzi shilingi 42,000 wakanunua kuku 60 waliokaribia kutaga, kwa shilingi 700 kila mmoja, ili wafanye biashara ya mayai. Walichaguana: wa zamu za asubuhi, wa masoko, wa ununuzi, na mweka hazina, msichana wa Gredi ya 8 aliyekuwa na miaka 13 na mwandiko mdogo kama mbegu za mchicha. Kuku walitaga vizuri kupita matarajio, mayai 48 kwa siku kwa wastani, trei ikauzwa shilingi 400 kwa wazazi na kwa vibanda viwili vya chapati, na baada ya chakula na gharama nyingine walikuwa wakibaki na elfu nne, elfu tano kwa mwezi. Walirudisha 2,500 za mkopo kila mwezi kuanzia Februari. Walitembea wamenyoosha shingo. Vijana ambao nyumbani hawakuweza kuamshwa walikuwa bandani saa kumi na mbili na nusu.

Kwenye mlango wa stoo walikuwa wamebandika ratiba ya chanjo ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle. Ya kurudia ilikuwa katikati ya Juni, na ilidondokea juma la mtihani wa kati ya muhula. Chanjo tuliyotumia huja kwa kichupa cha dozi mia, sharti isafirishwe kwenye barafu, na ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa chache, kwa hiyo inakula asubuhi nzima ya watu wanne. Niliwaambia wasogeze mbele majuma mawili. Mvulana wa zamu akauliza, “Na mdondo nao utasogeza?” Nikamwambia asiwe mjeuri.

Mdondo ulikuja siku ya kumi na moja. Kuku walianza kudorora na kuhara kijani, kisha wengine wakawa wanapinda shingo kama wanaotafuta kitu nyuma yao. Katika siku tisa tulipoteza 23. Waliobaki walisalimika, nadhani, kwa nguvu ya chanjo ya Machi. Vijana walichimba shimo wenyewe, wakatia chokaa, na mweka hazina akaandika tarehe ya kila kuku aliyekufa kwa mwandiko uleule mdogo. Hakuna aliyenilaumu. Labda wangenilaumu ningefanya kwa busara zaidi lililofuata.

Mwezi wa Julai kuku 37 waliobaki walitaga mayai 540 tu. Chakula peke yake kiligharimu shilingi 9,000, dawa na vitamini 1,200, na tuktuk 400. Mkopo tulikuwa tumeusimamisha, na hata hivyo nilipopiga hesabu usiku nyumbani niliona watakuwa na upungufu wa 3,400. Niliwafikiria jinsi walivyokuwa wamenyong'onyea. Asubuhi nilifika mapema, nikafungua lile kopo la maziwa ya unga wanamowekea pesa, nikatia noti zangu 3,400, na kwenye daftari, katika safu ya mauzo, nikaongeza mstari: wateja wa njiani.

Ijumaa ya mwisho wa muhula mweka hazina alinikuta kwenye veranda. Alikuwa na daftari kifuani na penseli nyuma ya sikio.

“Mwalimu, mayai ya Julai ni 540.”

“Ndiyo.”

“Ni trei 18. Kwa mia nne ni elfu saba na mia mbili. Daftari linasema elfu kumi na mia sita.”

Nilimwambia labda wateja wa njiani walinunua kwa bei ya juu. Hakunitazama. Aligeuza ukurasa, akaweka kidole kwenye jumla ya matumizi.

“Matumizi nayo ni elfu kumi na mia sita. Tangu tuanze hatujawahi kutoka sufuri kamili hata mwezi mmoja. Ni wewe uliyetia, Mwalimu?”

“Ni mimi.”

“Kwa nini?”

“Sikutaka mvunjike moyo.”

Alifikiri kidogo. “Kwa hivyo tunacheza,” akasema, akaniwekea daftari mapajani na kuondoka.

Likizo ya Agosti ilipita. Muhula wa tatu waliporudi hakuna aliyekubali kuwa mweka hazina. Walilisha kuku, wakaokota mayai, lakini kwa mikono ya watu wanaotimiza adhabu. Nilikuwa nimewafanyia jambo ambalo kitabu nilichokipigia mstari kwa kalamu nyekundu kilinionya nalo karibu kila ukurasa: niliichukua hasara yao, ambayo ilikuwa ya kweli na ni yao, nikawabadilishia kwa faraja ya uongo. Na ubaya zaidi, nilizitia shaka hata zile elfu tano za Machi. Mvulana mmoja aliniuliza waziwazi kama na zile zilikuwa zangu. Ilinibidi nilete taarifa ya M-Pesa ya miezi sita kumwonyesha kwamba sikuwa nimetoa kitu.

Nilisimama mbele yao wote katika mjadala wa Ijumaa, nikaeleza nilichofanya, na kuwaomba radhi. Kisha nikauliza zile 3,400 ziandikweje. Hapo waliamka. Wengine walisema ni zawadi, wakapingwa kwamba zawadi haifichwi. Wengine walisema nirudishiwe mara moja, wakapingwa kwamba kopo halina kitu. Kisha yule mvulana niliyemwita mjeuri akasema kwamba suala la kwanza ni nani alisogeza chanjo. Walijadili kwa karibu saa mbili, kwa Kiswahili, bila kunipa nafasi ya kusema, na wakafikia uamuzi kwamba nusu ya hasara ya kuku 23 ni yangu kwa kuahirisha chanjo, na nusu ni yao kwa kunitii ilhali walijua. Kuku 23 kwa shilingi 700 ni 16,100. Nusu yake ni 8,050. Wakitoa 3,400 nilizokwisha kutia, nilidaiwa 4,650. Nililipa jioni hiyo. Mweka hazina alilichukua daftari lake mapajani pangu, akaufuta mstari wa wateja wa njiani kwa rula na wino mwekundu, akaandika jina langu.

Mkutano wa wazazi wa Oktoba niliwaachia wao. Walibandika hesabu zote ukutani, pamoja na ukurasa wa Julai wenye wino mwekundu, wakaeleza hasara ilivyotokea na nani alilipa nini. Nilikaa nyuma nikiona joto la masikio. Yule baba wa Kaloleni aliuliza maswali sita, yote ya chakula cha kuku, kwani kumbe yeye ni mfanyabiashara wa nafaka katika soko la Kongowea, Mombasa. Aliwaambia wananunua kwa bei ya kijinga. Hakusema kama amebadili mawazo kuhusu nyanya.

Nisiwape picha ya uongo kuhusu mtihani. KJSEA ya kwanza, yaani mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9, ilifanywa mwishoni mwa 2025, nayo huchukua asilimia 60 ya alama za mwisho. 20 nyingine ni za KPSEA na 20 za tathmini za shuleni katika Gredi za 7 na 8. Wetu walifanya vizuri katika lugha, Kilimo na Sayansi Jumuishi. Katika hisabati watatu walifanya vibaya kuliko uwezo wao, na kosa ni langu. Niliamini kwamba hesabu za mayai na paa zingetosha. Hazikutosha. Mtoto anaweza kugawa trei na kupiga asilimia ya faida huku amekwama kwenye milinganyo na jiometria, ambavyo banda la kuku halivihitaji. Wapenzi wa Montessori huwa hatupendi kulikiri hili. Sasa kuna saa moja ya hisabati kila asubuhi, ya kukaa na kalamu, inayokwenda hatua kwa hatua, na wala shamba halijakasirika.

Mwaka huu tuna wanafunzi 26 katika gredi tatu. Mkopo wa kuku ulilipwa wote, kundi la sasa limenunua 40 wengine kwa pesa zao, na funguo za kopo la maziwa sinazo tena. Chanjo ya kurudia ni Jumatano ya pili ya Juni, na imeangukia tena juma la mtihani wa kati ya muhula. Wamekwisha kuniandikia barua, imesainiwa na watu wanne, kuniarifu kwamba siku hiyo wao wataanza mtihani saa nne.